Kuondoka Kabla ya Chakula

Kwetu Kimumu, pembeni mwa mji wa Eldoret, mtu akiingia kwenye nyumba iliyojaa wageni husalimia kila mmoja kwa mkono, kuanzia aliyeketi karibu na mlango mpaka yule aliyebanwa kati ya kabati la vyombo na ukuta. Hakuna kupunga mkono ukiwa umesimama mlangoni. Ukimruka mmoja, atakumbuka. Wageni wakiwa thelathini ni mikono thelathini, na kila mkono una swali lake: watoto hawajambo, mvua imefika kwenu, mbona umepungua hivyo. Watu wengi hupita katika mikono hiyo kama mtu anayeruka mfereji mdogo. Mimi hufika upande wa pili nimelowa mpaka magotini, na shughuli yenyewe bado haijaanza.

Nimeishi hivyo maisha yangu yote, na kwa miaka mingi sikujua namna ya kueleza. Ngoja nijaribu hapa, taratibu, kwa sababu najua kati ya watakaosoma wako wanaofanana nami, na wako wenye dada au mke wa namna hii ambaye wamezoea kumwita mwenye maringo.

Si kwamba siwapendi watu. Ni kwamba kila kitu huingia. Wakiongea watu wanane chumbani, mimi huwasikia wote wanane, pamoja na kijiko kinachogonga kikombe, pamoja na mafuta ya nywele ya aliye nyuma yangu, pamoja na yule mama aliyenyamaza ghafla kwa sababu mumewe amemkata kauli. Siwezi kuchagua nisikie nini na niache nini. Baada ya muda kichwa hujaa, na maneno ambayo nayajua vizuri hunikimbia. Dawa yake ni ndogo tu: chumba, mlango uliofungwa, na dakika chache bila mtu kuniuliza kitu. Nilipokuwa mtoto, kwenye harusi ya shangazi yangu, nilipotea mchana mzima. Walinikuta ghalani nimelala juu ya magunia ya mahindi. Kesho yake mama alinipeleka zahanati akidhani nina malaria.

Watu huniuliza, "Sasa wewe ulifundishaje?" Nilifundisha shule ya msingi zaidi ya miaka ishirini, watoto hamsini darasani. Lakini darasani najua nani atazungumza baada ya nani, kwa sababu mimi ndiye ninayemchagua. Tena kuna kengele. Kwenye sherehe hakuna kengele.

Jirani yangu wa nyuma alikuwa mama mjane aliyefuma sweta za shule kwa mashine. Kati ya ploti yake na yangu kulikuwa na ua wa kayaba, wenye miba mirefu, na katika ua huo pengo la mtu mmoja kupita kiubavu. Jioni nikitoka shuleni nilipitia pale na vitabu vya kusahihisha, nikaketi kwenye stuli, yeye akivuta mkono wa mashine kwenda na kurudi, krrr, krrr. Tungeweza kumaliza saa mbili tukiwa tumesema maneno ishirini. Sauti ile haikunisumbua kamwe. Ilikuwa moja, na ilijua inakokwenda.

Sitaandika yeye alikuwa wa jamii gani na mimi wa jamii gani. Anayeijua Eldoret atakisia, na asiyeijua hatapoteza kitu. Inatosha kusema kwamba jamii zetu zilikuwa mbili, na kwamba kwa miaka mingi jambo hilo lilituhusu tu wakati wa kupika, kwa sababu yeye alitia chumvi mapema na mimi mwisho.

Kisha ukaja uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, na vita vilivyofuata kati ya jamii.

Mume wangu alikuwa amekwama Kitale, barabara zimefungwa. Mchana mmoja jirani alikuja kwenye pengo la ua akiwa na binti yake na mfuko mmoja. Moshi ulikuwa umeanza upande wa barabara kuu. "Mwalimu, nishikie hii," alisema, akanitupia mfuko, wakaondoka wakipita kwenye mashamba. Ndani mlikuwa na karatasi za ploti na vyeti vya shule vya binti. Niliuzika ndani ya pipa la unga. Hilo ndilo jambo pekee nililomfanyia, na sitaki mtu adhani lilikuwa kubwa. Muda uliobaki nilikaa chini ya meza ya jikoni na mto masikioni. Vijana walipita barabarani wakikanyaga kwa mpigo mmoja, miguu mingi ikishuka pamoja, wakiimba. Niliisikia kupitia sakafu. Siku hiyo chumba cha mbele cha jirani yangu, kile cha mashine, kiliungua. Vyumba viwili vya nyuma vilibaki.

Yeye na binti walilala kwanza kwenye uwanja wa kanisa, halafu kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho, pamoja na maelfu ya wengine.

Nataka niseme kitu kuhusu ukimya uliofuata, kwa sababu mtu kama mimi angedhaniwa kuufurahia. Hakuna sherehe. Hakuna mtu wa kukusalimia kwa mkono. Watu walienda sokoni na kurudi wakitazama chini. Mimi niliyekuwa nikiomba kimya maisha yangu yote nilikipata, na sikuweza kulala ndani yake. Nilijifunza kwamba kuna kimya cha mtu anayepumzika na kuna kimya cha mtu anayesikiliza mlango. Kwa nje vinafanana. Ndani havina undugu.

Jirani yangu alirudi baada ya miaka miwili. Nilimrudishia mfuko wake ukiwa na unga kwenye mikunjo, akaupiga piga, akacheka kidogo, akalia kidogo. Alipata mashine ya mitumba, akaiweka chumba cha kulala. Binti alikuwa ameolewa sasa, na alikuja kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo kawaida. Akapata mtoto wa kike.

Jirani yangu hakuficha nia yake. Aliniambia mimi, akamwambia kila mtu: "Nimekuja kujaribu. Nikiona majirani wamenirudia, nakaa. Nikiona wananichekea tu kwa meno, nauza ploti naenda." Na mnunuzi alikuwapo, bwana mmoja wa mjini, mwenye viatu vilivyong'aa, aliyekwisha kuja mara mbili kuipima ploti kwa hatua zake.

Basi akina mama wa mtaa, wa jamii zote mbili, wakaamua kwenda kuona mtoto. Kuona mtoto kwetu ni shughuli kamili. Mnakwenda pamoja na vikapu vya unga, sukari na sabuni, mnaingia mkiimba, mnamshika mtoto kwa zamu, mnaomba, mnakula, halafu kila mmoja anasimama, anajitambulisha, anasema neno la baraka. Ilikuwa mara ya kwanza watu kukusanyika katika nyumba ile tangu moto. Kila mtu alijua uzito wake. Nami nilijua. Siku mbili kabla nilianza kulala mapema. Nilitayarisha unga wa wimbi wa uji wa mzazi, nikautia kwenye kikapu changu kizuri zaidi.

Chumba kilikuwa kidogo na madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi na mtoto. Jiko la makaa liliwaka pembeni. Nilipita kwenye mikono yote, nikaketi mahali pabaya kabisa, katikati. Mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa kuliko huo moyo, alikuwa amegeuza jerikeni kuwa ngoma. Wakaimba. Hapo bado niliweza. Kisha wakaanza kukanyaga, kwa furaha, miguu ya watu thelathini na zaidi ikishuka pamoja kwenye sakafu ya saruji, na mwili wangu haukuniuliza furaha hii ni ya nani. Ulisikia miguu tu.

Chakula kikaletwa wakati huohuo, sahani ikawekwa mapajani pangu: chapati, ndengu, vipande vitatu vya nyama. Bila kungoja watu wamalize kula, kujitambulisha kukaanza kutoka mlangoni. Nikaona zamu inakuja. Watu watano. Wanne. Watatu. Jina langu mwenyewe sikulipata kichwani. Nikaisukuma sahani chini ya kiti, nikanong'ona kwamba nakwenda msalani, nikapita jikoni, nikapenya kwenye ua, nikaingia kwangu na kujifunika blanketi mpaka kichwani. Nilikusudia dakika tano. Nilipoinua kichwa, wageni walikuwa wakiaga njiani.

Kosa langu halikuwa kuondoka. Watu huondoka. Kosa langu lilikuwa kuondoka kabla ya chakula, katika mwaka ule, katika nyumba ile. Kwetu mtu akikuandalia, unaonja hata kama umeshiba, hata kijiko kimoja. Na baada ya vita jambo hili lilikuwa limepata maana nyingine. Watu walikuwa wakiangalia nani anakula kwa nani. Kulikuwa na waliosalimiana barabarani lakini wasingekunywa maji ya mwenzao. Sahani iliyojaa chini ya kiti ilikuwa tangazo, nami ndiye niliyelibandika.

Siku ya tatu nilikuta kikapu changu kimetundikwa kwenye lango langu. Kilikuwa kimeoshwa vizuri, na ndani hakukuwa na kitu. Mgeni anaweza kuona hilo ni adabu. Kwetu kikapu cha zawadi hakirudi kitupu. Unatia mayai mawili, maharagwe ya kiganja kimoja, hata kitunguu. Kurudisha kikapu kitupu ni kusema hesabu yetu imefungwa.

Siku hiyohiyo mwenyekiti wa akina mama akagonga mlango.

"Karibu, Mama."

"Sikaribii. Nimekuja kuuliza kitu kimoja nirudi. Kwani wewe pia?"

"Mimi pia nini?"

"Mwalimu, usinifanye mtoto wa darasa la pili. Sisi wote tumekula pale, hata yule mwenye vidonda vya tumbo amekula ndengu. Wewe rafiki yake wa miaka yote ndiye umeshindwa kumeza? Sasa watu wanasema, kama mwalimu ameacha chakula, basi hawa wengine walikuwa wanaigiza."

"Nilizidiwa na kelele."

Alinitazama kana kwamba mimi ni mtoto aliyesema kazi yake ya shule imeliwa na mbuzi. "Kelele," alisema. "Haya. Yule bwana wa viatu anakuja Jumamosi kuchukua jibu. Kelele itakuwa imeisha kabisa."

Akaenda zake. Nami nikafanya ninachokifanya kila mara: nikachukua kalamu. Niliandika kurasa tatu za maelezo mazuri yenye aya zilizopangika. Kisha nikazisoma, nikaona zinafanana na barua ya shule inayomwita mzazi. Nikazichana. Yako mambo ambayo mtu mkimya lazima ayabebe kwa mdomo wake, na najua ni uchungu kuambiwa hivyo. Lakini habari njema ni kwamba huhitaji kuyabeba mbele ya watu thelathini. Unaweza kuyapeleka kwa mtu mmoja.

Nilimkuta jirani yangu uani, kwenye jua la saa tisa, akifumua sweta kuukuu ili apate uzi.

"Karibu, Mwalimu," alisema bila kuinua kichwa. "Umekuja kuaga, ama na wewe unataka ploti?"

"Nimekuja kula."

"Kula nini?"

"Kile nilichoacha."

"Hicho kuku walimaliza zamani. Kuku hawana kabila." Aliinua kichwa. "Nyoosha mikono."

Nikanyoosha, akaanza kuuzungusha uzi kwenye mikono yangu miwili kama anafunga mfungwa. Ilikuwa rehema, ingawa sidhani alikusudia. Sikuweza kukimbia, na wote wawili tuliutazama uzi badala ya kutazamana.

"Nikuulize, na unijibu kama mtu mzima. Siku ile uliogopa watu, ama ulituogopa sisi?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wote. Wa kwenu, wa kwetu, wa mume wangu. Siku ya harusi yangu mwenyewe nilijifungia chooni mpaka shemeji yangu akaja kugonga, akidhani nimetoroka."

Mkono wake ukasimama. "Chooni? Na gauni?"

"Na gauni."

"Choo cha shimo?"

"Cha shimo."

Alijaribu kukaza uso, akashindwa. Alicheka mpaka uzi ukaanguka, akauokota, akaanza upya. "Na miaka ile yote ulikuwa unakaa kwangu na vitabu vyako. Kwani mimi si mtu?"

"Wewe ulikuwa mmoja."

Hilo halikumchekesha. Aliendelea kuzungusha uzi. Nikamwambia basi yaliyobaki: kuhusu miguu, jinsi akina mama walipokanyaga na mimi nikawasikia wale vijana, jinsi nilivyojua vizuri kwamba hawa ni majirani zangu wanaomwimbia mtoto, na kujua huko kusinisaidie chochote.

"Hata mimi niliwasikia," alisema. "Unadhani mimi sina masikio? Lakini mimi nimegeuzwa upande mwingine, Mwalimu. Kule kwenye mahema tulikuwa tunalala watu kumi, huyu anakohoa, yule anaomba, mtoto analia. Nikisikia hayo najua tuko hai. Nimerudi hapa, nyumba ikinyamaza ndipo naogopa. Walipoingia wakiimba nikasema, sasa nimefika nyumbani. Halafu nikageuka nikaona kiti chako."

Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo. Nilikuwa nimedhani kila aliyeumia angependa kitu kile ninachopenda mimi, mlango uliofungwa na amani. Kumbe kimya changu, ambacho mimi nilikiona ni adabu, kwake kilikuwa ni nyumba isiyo na watu.

"Nimekuelewa," alisema mwishoni. "Lakini kuelewa kwangu mimi peke yangu hakunisaidii. Waliokuona ukitoka ndio wakuone ukila. Jumamosi nitaita akina mama waombee hii nyumba. Na huyo mtu wa ploti atanikuta. Nikiona watu wamekaa vizuri, nakaa. Nikiona wanameza kwa nguvu, nauza. Na wewe nakutaka ndani, si nyuma ya kayaba."

"Naweza kuja mapema?"

"Mapema saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Hiyo si mapema, hiyo ni kuvamia." Akaikata ncha ya uzi kwa meno. "Njoo. Utakata kabeji."

Ningependa aliye kama mimi asome sehemu hii polepole, kwa sababu niliyoyagundua Jumamosi ile nimeyatumia mpaka leo.

La kwanza ni hili. Ukifika wa mwisho, unaingia kwenye mikono thelathini. Ukifika wa kwanza, mikono hiyo inakujia mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimechelewa kwa makusudi maisha yangu yote, nikidhani napunguza taabu, kumbe naikusanya. Asubuhi ile nilikuwa jikoni nikikata kabeji kwenye sinia, akaja mama wa kwanza, tukasalimiana, tukaulizana. Baada ya muda akaja wa pili. Kufikia saa sita nyumba ilikuwa imejaa na mimi nilikuwa nimekwisha kuwazoea wote, kidogo kidogo.

Tena nilikuwa na kazi mkononi. Wenzangu wengi huona haya kukimbilia jikoni, wakidhani ni kujificha. Si lazima iwe hivyo. Mtu mwenye mwiko huonana na kila mgeni, ila huonana naye kwa zamu, na kuna jambo la kuzungumza: mchuzi zaidi au unatosha? Siku hiyo niliongea na watu wengi kuliko mwaka mzima uliotangulia.

Na tulikuwa na mapatano. Nikizidiwa, ningetoka kuleta kuni, na yeye angesema amenituma. Walipoanza kuimba, jerikeni ikapigwa, miguu ikaanza. Nikamtazama. "Mwalimu, kuni!" alipaza sauti, ingawa jiko lilikuwa limejaa kuni. Nikatoka. Nikasimama kando ya rundo la kuni, nikashika ukuta wa mabati uliopata jua, nikahesabu pumzi. Kutoka nilikujua siku nyingi. Jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya ni lile lililofuata: walipofika ubeti wa mwisho, nikachukua vipande vitatu vya kuni nikarudi ndani.

Nilikula nikiwa nimeketi kwenye benchi karibu na mlango, mahali nilipopachagua mwenyewe asubuhi. Kila mtu alijifanya haangalii. Sijawahi kula kabeji iliyotazamwa namna ile. Niliimaliza, nikaongeza.

Zamu ya kusema ilipofika kwangu, nilisimama na sauti ikagoma. Mwenye nyumba akasema kutoka jikoni, "Msimharakishe, huyu ametumia maneno yake yote kwa kabeji." Wakacheka, na kicheko chao kikanipa nafasi ya kuvuta pumzi.

"Siku ile niliondoka kwa sababu ya kelele," nilisema. "Si kwa sababu ya mtu. Ile miguu ilinikumbusha mingine. Chakula cha mama huyu nimekula miaka mingi na nitakula tena."

Nikaketi. Hayo ndiyo yote. Mwenyekiti wa akina mama alikuwa ameshika jerikeni mapajani; aliitazama, akaiweka chini ya meza taratibu.

"Ile kelele ni yangu," alisema. "Nisamehe, Mwalimu. Mungu alinipa mikono mizito."

Halafu mama mmoja wa upande wa dirisha, muuza nguo anayetoka mtaa wa Huruma, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea kwenye mkutano wowote, akasema bila kusimama, "Hata mimi huwa natoka. Huwa nasema nakwenda kumpigia mtoto simu." Na mwingine, wa jamii ile nyingine, akatikisa kichwa akikubali. Tulikuwa watatu, kumbe. Miaka yote tumekuwa tukitorokea milango tofauti bila kujuana.

Tulikuwa bado katika hali hiyo bwana wa viatu vinavyong'aa alipobisha hodi. Hakuwa ametegemea watu. Lakini kwetu mgeni ni mgeni, kwa hiyo akaanzishwa kutoka mlangoni, mkono kwa mkono, watoto hawajambo, mvua imefika kwenu. Niliona jasho likimtoka kwenye paji la uso, na nikamhurumia kwa dhati. Nilimpakulia sahani nikampa kiti kilicho karibu na hewa.

"Mgeni naye ajitambulishe!" akasema mwenyekiti.

Akasimama na sahani mkononi. Akasema jina, akasema anatoka mjini. "Nilikuwa nimekuja..." Akatutazama, macho ya watu thelathini na vijiko vimesimama. "Nimekuja kuona..." Akatazama ukuta, akatazama dari. "Mtoto."

Vigelegele vilipanda mpaka mabati yakajibu. Kabla hajaketi alikuwa amewekewa mtoto mikononi, na mtoto akamshika tai. Sikuhitaji kuni mara hiyo.

Alipomaliza kula, mwenye nyumba akamsindikiza mpaka langoni. Mimi nilikuwa nikiosha sahani kwenye karai, hatua chache tu.

"Mama, sasa ile maneno yetu?"

"Maneno gani?"

"Ya ploti."

"Si umesema mbele ya watu wote umekuja kuona mtoto? Umemwona?"

"Nimemwona."

"Basi safari yako imefaulu. Usalimie mjini."

Alirudi akijifuta mikono kwa leso, akanikuta nimeinama juu ya karai, nikijitahidi kutocheka. Alivuta stuli, akaanza kukausha zile nilizoosha.

Wageni wakaondoka kwa makundi madogo. Binti akaingia kulala na mtoto. Jua likashuka nyuma ya miti ya mikaratusi, na ile baridi yetu ya jioni ikaanza kupanda kutoka ardhini. Sufuria zilikuwa zimebaki tano, nyeusi chini. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba masikio yalikuwa yakivuma, na najua aliliona, kwa sababu aliacha kuongea. Lakini nyumba ilipokuwa tupu kabisa nilimwona naye anageuka kutazama mlango, mara moja, halafu tena.

Akaenda akawasha redio. Wimbo ukajaa uani. Akanitazama, akaipunguza. Akanitazama tena, akaipunguza mpaka ikawa kama mtu anayenong'ona chumba cha pili.

"Hapo?" akauliza.

"Ongeza kidogo," nikamwambia.